Kisahani cha sigara cha zamani: usikipeleke skrepa kabla hujakigeuza

Leo naomba tuweke siasa pembeni kidogo tuongelee kitu ambacho kipo kwenye nyumba nyingi hapa Lumemo na hakuna anayekitazama mara mbili: kisahani cha majivu ya sigara, au ashtrei kama tulivyozoea kuita. Mimi ninavikusanya. Najua kuna watakaocheka, chekeni tu halafu tuendelee.

Zamani hata nyumba ambayo hakuna mvutaji ilikuwa nacho. Mgeni akiwasha sigara ukakosa pa kumwekea majivu, aibu ilikuwa yako mwenye nyumba. Kisha mambo yakabadilika. Tanzania ilitunga sheria ya kudhibiti bidhaa za tumbaku mwaka 2003, Kenya 2007, Uganda 2015, na polepole sebule zikaacha kuweka visahani mezani. (Ajabu ni kwamba kwenye ndege, ambako kuvuta ni marufuku kabisa, bado kuna kisahani chooni. Sheria za usalama zinataka hivyo, ili mkaidi akivuta asitupe kishungi kwenye pipa la karatasi.)

Huku kwetu vinaonekana zaidi baada ya mafuriko. Mto Lumemo ukijaa, watu wanatoa vyombo vyote nje kuvianika, na vya uvunguni navyo vinaona jua. Baada ya mvua za 2024 wanunuzi wa skrepa walipita mitaani, na kuna mama mmoja mjane alitoa kisahani kizito cha shaba nyekundu kwa hela ya kununulia sabuni mbili. Kilipimwa kwa kilo pamoja na sufuria zilizotoboka. Mama yule alihitaji hela na simlaumu. Lakini angejua ni kitu gani, angeomba zaidi, na pengine angepata. Ndiyo maana naandika.

Shaba ile ilifikaje Ifakara? Sikumuuliza, ila mimi naitazama reli. TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi, ilijengwa na Wachina pamoja na watu wetu kati ya 1970 na 1975, na sababu kubwa ilikuwa kuipa shaba ya Zambia njia ya kwenda baharini. Reli inapita hapa hapa Ifakara, inakwenda Mlimba na kupanda juu. Waliosafiri upande wa Zambia walirudi na vitu vidogo vya shaba kama zawadi, sahani za ukutani na visahani vya sigara vimo. Vya Katanga vinatengenezwa kwa jiwe la malakiti, lile la kijani lenye mistari kama mawimbi. Vya jiwe laini, jeupe au la pinki, asili yake mara nyingi ni Tabaka, kule Kisii Kenya. Vya mpingo ni vya wachongaji wetu. Vya kioo kizito, wengi tumevizoea kwenye baa na mahoteli.

Sasa usikilize hapa, maana ndipo penye hatari. KISAHANI CHA SIGARA SI CHOMBO CHA CHAKULA, hata kikioshwa kikang'aa. Nimeona nyumba moja watoto wanawekewa karanga ndani ya kisahani cha udongo kilichopakwa rangi ya kung'aa. Rangi nyingi za vyombo vya zamani zilitiwa madini ya risasi, na chombo cha majivu hakikutengenezwa kwa vipimo vya sahani ya kulia. Risasi inaharibu ubongo wa mtoto taratibu bila kelele. Hata kile kioo kizito kinacholia kama kengele ukikigonga kwa kucha, kinaweza kuwa na risasi nyingi, maana kristali ya risasi ya Ulaya huwa na oksidi ya risasi kuanzia asilimia 24. Weka hereni, weka funguo, pipi hapana. Na shaba usiitilie achari wala kitu chochote chenye uchachu, inayeyuka kidogo kidogo na kuingia ndani.

Kuosha nako kuna mambo yake. Shaba nyekundu ni rahisi: limao na chumvi, sugua, suuza, kausha hapo hapo. Lakini limao hilo hilo likigusa malakiti umeliua jiwe, ng'aro inaondoka na hairudi. Malakiti ifute kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo basi. Na usiikwangue wala kuitoboa, vumbi lake lina shaba na ni sumu ukilivuta. Kioo kiloweke kwenye maji ya uvuguvugu yenye magadi usiku mzima, ile njano ya moshi itaachia. Aluminiamu magadi hapana, itageuka nyeusi kama sufuria iliyopikiwa maharage ya magadi. Mpingo usiloweke kabisa, ufute na kuupaka mafuta kidogo. Jiwe la Kisii linanywa harufu, hilo lianike siku kadhaa kivulini, na ukiona bado linanuka liweke nje kwenye baraza.

Vitumie kwa kazi gani? Kioo chenye vile vijia vya kulazia sigara, mimi nakitumia kwa sabuni bafuni. Kingine nimepanda humo mmea mdogo usiopenda maji mengi, maana chini hakina tundu. Cha shaba kinapendeza kushikilia mshumaa, na hapa kwetu umeme ukikatika hutajuta. Udi na ubani navyo vinakaa vizuri, ila tandaza mchanga kwanza chini ya kaa, kioo kikipata moto wa ghafla kinapasuka.

Halafu kuna dawa ya mbu ya kuchoma, ile ya mzunguko. Kisahani cha chuma kinaifaa kabisa, majivu yanabaki ndani na mkeka hauungui. Lakini jamani, hii ni ya barazani, si ya chumba kilichofungwa, moshi ule unaingia kifuani kama mwingine wowote. Na haichukui nafasi ya chandarua. Utafiti uliofanyika Kilombero na Ulanga, uliotangazwa mwaka 2001, ulionyesha kwamba vyandarua vyenye dawa viliongeza uhai wa watoto wadogo kwa asilimia 27. Hao walikuwa watoto wa bonde hili letu.

Kuna swali nimeulizwa na shangazi yangu, na halikuwa la utani. Baba mdogo alikufa kwa kifua baada ya miaka mingi ya sigara, na kisahani chake cha shaba kikabaki. Shangazi akataka kitupwe mtoni: "Unapambia nyumba kitu kilichomuua ndugu yangu?" Tumbaku inaua zaidi ya watu milioni 7 duniani kila mwaka, kwa hiyo hasemi ovyo. Mimi nilimjibu kwamba nitakitunza, ila hakitawekwa majivu tena na hakitakaa sebuleni anakokaa yeye akija. Sasa kipo chumbani kwangu, kinashika funguo. Vile vyenye matangazo ya sigara nimeamua kutovitundika popote. Nina viwili, nimevigeuza chali chini ya vyungu vya maua, tangazo linatazama sakafu. Shangazi bado hajakubali, na akija huwa ananiuliza kama bado ninacho.

Kwa anayetaka kuanza: usinunue cha rangi iliyobanduka, na cha malakiti hakikisha hakina ufa. Ukimkuta mwenye skrepa ana cha shaba, mlipe zaidi kidogo ya bei yake ya kilo na atakutafutia vingine. Ila kama unamjua mama aliyekitoa, pita kwake kwanza, huenda bado ana cha pili uvunguni.