Kabla ya Kujenga Zizi Chini ya Mwamba

Ndugu mfugaji wa Idodi,

Ninapopita kuchanja ng'ombe, mara nyingi nakuta zizi la ndama limeegemezwa kwenye mwamba chini ya mlima. Sababu naielewa: upande mmoja hauhitaji miba, upepo haufiki, na fisi hawezi kupita nyuma. Lakini kabla ya kufurahia kivuli, tazama kilicho juu.

Mvua zikianza, maji huingia kwenye nyufa za mwamba, na mizizi ya miti huzidi kuzitanua. Siku moja jiwe huachia. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang huko Manyara ilimeguka. Tope, mawe na magogo yakaingia Katesh na vijiji vya jirani, watu zaidi ya 80 wakafa, na mifugo pia. Jiwe moja halifiki mbali kama tope lile, lakini likiingia zizini usiku, moja linatosha.

Anza kwa kukagua ardhi. Jiwe lililozama ardhini na kuota kuvu ni la zamani. Lililokaa juu ya majani, lenye upande mweupe uliomeguka, limeshuka karibuni. Tazama na miti: kovu kwenye gome upande wa mlimani mara nyingi ni alama ya jiwe. Waulize pia wazee waliochunga hapo.

Kisha mwombe mtendaji wa kijiji mwende pamoja ofisi ya ardhi wilayani kuona ramani ya miinuko. Kwenye ramani ya kipimo cha 1:50,000, sentimita 1 ni mita 500, na kwa kawaida kila mstari wa mwinuko umepishana na mwenzake kwa mita 20. Nafasi tano za mistari zikibanana ndani ya milimita 2, hapo ardhi inapanda mita 100 ndani ya mita 100. Jiwe likiachia hapo halisimami njiani. Ramani haionyeshi ufa, ndiyo maana tumeanza na macho.

Kama mwamba uko mita 40 juu ya zizi, kaa angalau mita 80 kutoka usawa wake, yaani mara mbili ya kimo. Ukiona mawe mapya yamefika mbali zaidi, yafuate hayo, uache hesabu yangu.

Mbuzi nao huangusha mawe. Wakipanda, mtoto anayechunga asikae chini yao, apite ubavuni.

Kama huwezi kuhamisha boma lote kabla ya mvua, anza na nyumba wanamolala watoto, kisha zizi la ndama.