Kura Zilizoombwa kwa Vina

Kaseti ya dakika 60 ina pande mbili, kila upande nusu saa. Utepe ukilegea huingizwa kalamu kwenye tundu na kuzungushwa taratibu mpaka ukaze. Ukitaka nakala, unaweka redio mbili uso kwa uso, moja unaibonyeza isome na ya pili inase, na waliomo chumbani wanaambiwa wanyamaze. Nakala ya kwanza husikika vizuri. Ya tano sauti huwa imeanza kuzama kwenye mvumo, na msikilizaji husogeza sikio. Katika kampeni za ubunge za mwaka 1974 na 1975, kaseti za namna hiyo zilikuwa zikisafiri kwa mashua baina ya Amu, yaani mji wa Lamu, na vijiji vya Lamu Mashariki, pwani ya Kenya, na ndani yake hamkuwa na hotuba. Mlikuwa na mashairi.

Mashairi hayo watu wa Lamu waliyaita kimondo, au kimwondo kwa matamshi ya huko. Kimondo ni ile nyota inayoonekana kukatika mbinguni ikaanguka kwa kasi, na katika imani ya Kiislamu ni kombora wanalopigwa mashetani wanaojaribu kudukiza habari za mbinguni. Kwa hiyo jina lenyewe lilikwisha kutoa hukumu: anayetungiwa kimondo ameshawekwa upande wa shetani. Waliokuwa wakigombea kiti ni Abubakar Madhubuti na Mzamil Omar Mzamil. Kila mmoja alikuwa na washairi wake, na wanawake walitunga sawa na wanaume. Miongoni mwa watunzi wa mkasa ule alikuwamo kijana wa Amu, Mahmoud Ahmed Abdulkadir, ambaye leo wapenzi wa ushairi wanamjua kama Ustadh Mau. Mkasa wenyewe ulimvutia mwanaisimu wa Ghana, Assibi Apatewon Amidu, akauandikia kitabu kizima kilichotoka Vienna mwaka 1990.

Kwa nini mashairi, na kwa nini wakati ule? Jibu la haraka ni kwamba Waswahili wanapenda mashairi. Ni kweli, lakini halitoshi, kwa sababu walikuwa wakiyapenda pia katika chaguzi ambazo hazikuzaa kimondo. Tazama hali ya siasa yenyewe. Tangu chama cha upinzani cha KPU kipigwe marufuku mwaka 1969, Kenya ilikuwa na chama kimoja tu kinachosimamisha wagombea, KANU. Wagombea wote wa jimbo walisimama chini ya chama hichohicho, wakahubiri sera moja. Mpiga kura hakuwa na chama cha kuchagua. Alikuwa na mtu wa kuchagua: tabia yake, ukoo wake, mji wake, ahadi aliyoitoa mwaka juzi na kisima alichosema atakichimba. Mambo ya namna hiyo huwezi kuyasema mbele ya mkuu wa wilaya kwenye mkutano wenye kibali. Unayasema kwa fumbo. Na chombo cha kufumbia watu wa Lamu walikuwa nacho tayari, tena cha zamani sana.

Katika ngoma ya gungu, iliyochezwa kwenye harusi za waungwana wa mwambao, mtu husimama akatia fumbo kwa beti, yaani amefunga. Aliyeambiwa hana ruhusa ya kusema hajui. Hufungua kwa beti vilevile, na asipoweza aibu ni yake mbele ya hadhara. Mjini Mombasa, Muyaka bin Haji, aliyefariki yapata mwaka 1840, alitunga akiwatetea Mazrui, watawala wa mji huo, dhidi ya Lamu na dhidi ya Sultani Seyyid Said. Tungo za kivita zilikwenda na kurudi baina ya miji, na mji uliotukanwa ulitarajiwa kujibu. Kwa hiyo kaseti ya 1974 ilikuta watu wanaojua kabisa jinsi ya kuisikiliza.

Hapa inafaa tutulie kidogo, maana ndipo penye siri yote. Kujibizana kwa mashairi kuna sheria. Shairi la kawaida lina mishororo minne katika kila ubeti, kila mshororo mizani 16, nane na nane, na kina cha kati na cha mwisho. Anayejibu huchukua bahari ileile na, akiwa fundi, vina vilevile. Nitatoa mfano nilioutunga mwenyewe kwa ajili ya maelezo haya, mshororo mmoja mmoja tu. Tuseme upande wa kwanza umeimba:

Kura si ya kuazima, mwenyewe nitaipiga

Maana yake iko wazi: msije mkaniamulia. Hesabu mizani, utapata nane na nane. Kina cha kati ni «ma», cha mwisho «ga». Sasa upande wa pili hauwezi kujibu kwa kuropoka. Lazima uikamate «ma» na uikamate «ga», na ndani ya mizani hizohizo useme jambo la kuuangusha msemo wa kwanza:

Kura bila ya kupima, ni maji unayomwaga

Nyumba ni ileile, mpangaji ni mwingine. Anayejibu hakukana kwamba kura ni ya mtu mwenyewe. Ameipokea hoja, akaitia sharti: pima kwanza. Zingatia alichopaswa kufanya kabla ya kufika hapo. Ilimbidi amsikilize mpinzani wake neno kwa neno, mpaka mwisho, aushike mshororo kichwani, auzungushe usiku kucha akitafuta maneno yanayokwisha kwa «ga» ambayo hayajatumika. Mtu aliyemsikiliza nusu nusu hutoa shairi guni, mizani zimepungua au kina kimeteleza, na hadhara humcheka kabla hata haijafika kwenye hoja yake. Mimi sijui utaratibu mwingine wa siasa unaomlazimisha mtu kumsikiliza hasimu wake kwa makini kiasi hicho.

Na hadhara ile ilikuwa na masikio. Mtu ambaye hajui kusoma wala kuandika aliweza kutambua kina kilichopotea, kwa sababu alikua akisikia tenzi tangu utotoni. Tena utungo ulikuja kwa lugha ya nyumbani, ambamo nchi ni «nti». Mgombea aliyepeleka kaseti Faza au Kizingitini alikuwa anapimwa na wajuzi.

Lamu haikuwa peke yake katika kuunganisha kura na shairi. Upande wa Tanganyika, Saadani Kandoro alikuwa mshairi na tena mmoja wa walioanzisha chama cha TANU mwaka 1954. Kaluta Amri Abedi, aliyechapisha sheria za kutunga mashairi mwaka huohuo wa 1954, alichaguliwa kuwa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam. Na Mombasa, Abdilatif Abdalla aliandika waraka «Kenya: Twendapi?» mwaka 1968, baada ya wagombea wa KPU kuenguliwa katika uchaguzi wa serikali za mitaa, akafungwa miaka mitatu, na mashairi aliyoyatunga gerezani yakatoka mwaka 1973 kama «Sauti ya Dhiki». Hao walitungia taifa zima. Kimondo kilikuwa cha jirani kwa jirani, ndiyo maana kilichoma zaidi.

Na kilichoma kweli. Sitaki kukipamba. Shairi linalomwita mtu shetani halijali kama mtu huyo ni mume wa binti ya shangazi yako. Visiwa ni vidogo, watu wameoana, wanaswali msikiti mmoja, na utungo mzuri haufi uchaguzi ukiisha. Watoto huuimba njiani. Matusi yenye vina hukaa kichwani muda mrefu kuliko matusi makavu, na hilo ni deni ambalo sanaa hii lazima ilipe. Lakini hata tusi lilikuwa na mlango wa kutokea: aliyetukanwa alijua lini na vipi atajibu, na watu wote walikuwa wakisubiri jibu lake. Hakuachwa peke yake na kidonda.

Mahali pa kusubiria palikuwa barazani. Baraza ndiyo iliyowaweka pamoja wanaosikiliza, na barazani pia ndiko lilikokuwa bao. Sitaji bao kwa ajili ya kunogesha. Bao la kete lina mashimo 32 na kete 64, kila mchezaji 32. Huanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi, anazoziingiza moja moja katika hatua ya kunamua, na zikiisha ndipo mchezo unapoingia mtaji. Sheria yake moja inafanana mno na ya mashairi: ukiwa unaweza kula, huna hiari, lazima ule. Umetupiwa, jibu. Aidha, bao halina siri, kete zote ziko wazi, na watazamaji wanaozunguka huhesabu pamoja na wachezaji, wakiguna mtu anapokosea. Mzee aliyezoea kuhesabu mizunguko mitatu mbele ya kete yake ndiye huyohuyo aliyehesabu mizani za kimondo.

Sasa kimondo na bao vyote viwili vinapungua, na sababu si kwamba vijana wamepoteza adabu, kama tunavyopenda kusema. Ziko sababu za kazi na za siasa. Kijana anayetafuta riziki kwa bodaboda au anayehamia Mombasa hana alasiri nzima ya kukaa na bao. Baraza yenyewe, ilipo, inashindana na televisheni ya mpira. Na uchaguzi umebadilika umbo. Tangu mwaka 2013, chini ya katiba mpya, mpiga kura wa Kenya anapewa karatasi sita kwa siku moja: rais, gavana, seneta, mwakilishi wa wanawake, mbunge na mwakilishi wa wadi. Macho yametawanyika. Zamani jimbo zima lilikuwa na pambano moja la kulitungia; siku hizi mapambano ni mengi, na mengi kati yake huamuliwa kwa mafungamano ya vyama yanayofanywa Nairobi. Mabango yanakuja yamekwisha kuchapwa, kaulimbiu imekwisha kuandikwa, na wimbo wa kampeni unapigwa kwa spika kubwa kiasi kwamba hakuna nafasi ya mtu kujibu.

Wako watakaosema simu imechukua kazi ya kaseti, na kwa upande fulani ni kweli. Ujumbe wa sauti unafika Kiwayu kwa sekunde, haulegei wala hauingii mvumo, na nyimbo za kusifu wagombea ziko tele humo. Tofauti ni kwamba kaseti ilichezwa mahali pamoja, wakaisikia waliomo na wasiokuwamo, wafuasi wa huyu na wafuasi wa yule, kwa sababu redio ya kaseti ilikuwa moja na baraza moja. Kikundi cha simu kina watu wa upande mmoja. Sifa zinazunguka humo, dhihaka zinazunguka humo, na aliyedhihakiwa huenda asizisikie kamwe, au akazisikia kwa kupenyezewa na asiwe na pa kuzijibia. Kimechukuliwa chombo, ikaachwa sheria.

Jambo hili linanigusa kwa sababu Lamu Mashariki ni mahali ambapo sheria ile ingeweza kufanya kazi hata leo. Kwa sensa ya 2019 eneo hilo lilikuwa na watu 22,258 tu, wakati kaunti nzima ilikuwa na 143,920. Ni miongoni mwa majimbo yenye wapiga kura wachache kabisa nchini. Kila mtu anamjua mgombea, anamjua baba yake, anajua jahazi lake liko wapi. Mahali kama hapo mgombea hahitaji spika kubwa. Anahitaji malenga mmoja mwenye adabu na ujuzi, na ujasiri wa kusubiri jibu. Na watungaji hawajaisha: Ustadh Mau, aliyezaliwa mwaka 1952, ameendelea kutunga kwa miongo kadhaa juu ya malezi, elimu na hali ya nchi, na tungo zake zimechapishwa na kusomwa mbali na Amu.

Linaloisha upesi kuliko watu ni zile kaseti. Utepe wa sumaku hauwezi joto wala unyevu wa chumvi, na pwani yetu ina vyote viwili mwaka mzima. Katika sanduku fulani la mbao, au juu ya kabati la marehemu bibi, bado ipo kaseti ambayo haikuandikwa kitu juu yake, na ndani yake yumo mtu anaimba kimondo cha 1974 au jibu lake. Ukiwa nayo, usiibonyeze kujaribu kama inasoma, maana redio mbovu huukata utepe. Ipeleke makumbusho ya Lamu, au kwa wataalamu wa Kiswahili Mombasa, wainakili. Kabla ya hapo kaa na wazee wa nyumba uandike kwenye karatasi majina wanayoyakumbuka: nani alitunga, nani aliimba, alikuwa akimjibu nani. Hilo la tatu ndilo la kuuliza kwanza.