Unyayo wa Ikolojia: Nchi Zinakaribiana au Zinalingana?

Miongoni mwa dhana zinazowatatiza wafasiri wa taarifa za mazingira ni ile ya nchi kuzidi kufanana, kadiri miaka inavyopita, katika matumizi ya maliasili. Wengine huiita usawa, wengine ulinganifu. Katika makala haya tutaeleza kwa nini tunapendekeza neno mkaribiano, na mipaka ya neno hilo.

Kwanza tukitazame kinachopimwa. Unyayo wa ikolojia ni eneo la ardhi na maji linalohitajika ili kuwapatia watu mahitaji yao na kufyonza hewa ya ukaa wanayoisababisha. Kipimo hiki kilibuniwa nchini Kanada na William Rees na Mathis Wackernagel mwanzoni mwa miaka ya 1990, nacho hutajwa kwa hekta za dunia, yaani hekta zenye wastani wa uzalishaji wa dunia nzima. Bidhaa huhesabiwa kwa nchi inayoitumia: kahawa ya Kilimanjaro inayonywewa Ujerumani huingia katika unyayo wa Wajerumani. Tunatumia umoja, unyayo, kwa kuwa wingi wake umekwisha kuzoeleka kwa maana ya kufuata waliotangulia.

Unyayo wa mkazi wa Marekani ni wastani wa hekta zipatazo 8. Wa Mtanzania ni hekta 1 na ushei. Je, pengo hili hupungua? Hapa ndipo mfasiri anapopaswa kuwa mwangalifu. Tuchukue mfano wa kubuni: nchi moja yapanda kutoka hekta 1 hadi 1.5, nyingine kutoka 8 hadi 9.6. Kwa uwiano zimekaribiana, kwani ya pili ilikuwa mara 8 ya ile ya kwanza na sasa ni mara 6.4. Kwa tofauti zimeachana, maana pengo limetoka hekta 7 hadi 8.1. Hivyo basi, asiyetaja kipimo hajasema kitu.

Pili, lugha yetu hutofautisha kukaribia na kukaribiana. Unyayo wa Mchina ulikuwa karibu hekta 1 mwaka 1961, na sasa umepita 3. Ule wa Mwingereza umeshuka tangu mwanzoni mwa karne hii. Hao wamekaribiana, kila mmoja akisogea upande wa mwenzake. Anaposogea mmoja tu, tuseme anakaribia.

Tatu, uchunguzi mwingi wa takwimu za tangu 1961 umeonyesha kuwa nchi hazielekei kiwango kimoja, bali hugawanyika katika makundi, kila kundi na kiwango chake. Huu tunapendekeza uitwe mkaribiano wa kimakundi.

Neno usawa lisitumike kabisa mahali hapa. Uwezo wa dunia hautoshi zaidi ya hekta 1.5 hivi kwa kila mtu. Nchi zote zikikutana kwenye hekta 4, zitakuwa zimelingana, lakini dunia itakuwa imeelemewa. Aidha, zikilingana kwa sababu maskini wamezuiwa kupanda, haki haitakuwa imetendeka. Mtumishi wa serikali akisoma kwamba usawa unapatikana, aweza kudhani kazi imekwisha, hali mwandishi alikuwa akieleza tu mwendo wa tarakimu. Tuseme mkaribiano, na neno usawa tuliwekee haki.