Mganga Ajigangaye: Ubora na Upungufu wa Mchezo wa Kielektroniki wa Tales of Kenzera: Zau

1.0 Utangulizi

Wanafunzi wa fasihi simulizi tumefundishwa tangu mwaka wa kwanza kuwa hadithi haiwi hai pasipo fanani, hadhira na mahali pa kusimuliwa. Katika vijiji vya Masara, kusini mwa Nyanza, mahali hapo palikuwa siwindhe, yaani nyumba ya bibi, au duol, kibanda cha mzee wa boma. Huko ndiko watoto walikosikia sigana za mashujaa, majitu na ziwa lililomeza kijiji. Siku hizi, jua linapotua, watoto wa umri ule ule huonekana katika vibanda vya gemu sokoni. Huwa wameshika vidude vya kuchezea, wamekaza macho kwenye kioo, na shujaa wanayemshangilia ana nguvu za ajabu: hupaa, hupita ukutani, hutoa moto mikononi. Hadhira ipo na mahali pa kusimulia papo. Fanani ndiye aliyebadilika, na mara nyingi hasemi lugha ya watoto hao.

Makala haya yanakusudia kuuhakiki mchezo mmoja wa aina hiyo kama matini ya kifasihi. Mchezo wenyewe ni Tales of Kenzera: Zau, uliotolewa mwezi Aprili mwaka 2024. Umechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, aliyeubuni ni Abubakar Salim, mwigizaji Mwingereza mwenye asili ya Kenya. Pili, mchezaji anaweza kuchagua kuyasikia mazungumzo yake kwa Kiswahili. Jambo hilo pekee linatosha kumfanya mwanafunzi wa Kiswahili asiupite mchezo huu bila kuutupia jicho.

2.0 Mchezo Wenyewe kwa Muhtasari

Kabla ya kuhakiki, ni vyema kueleza. Michezo ya nguvu za ajabu imekuwa na umaarufu mkubwa duniani. Mwaka 2009 pekee ilitolewa miwili iliyovuma: inFAMOUS, ambamo shujaa hutawala umeme, na Prototype, ambamo mhusika hujigeuza umbo atakavyo katika jiji la New York. Michezo hiyo ni ya ulimwengu wazi, yaani mchezaji huachwa azurure mjini kwa hiari yake, aamue aende wapi na aanze na lipi.

Tales of Kenzera: Zau ni jirani wa michezo hiyo, si ndugu wa toka nitoke. Mhusika huonekana kutoka ubavuni, akikimbia na kuruka, na njia mpya humfungukia kadiri anavyopata uwezo mpya. Ulitengenezwa na Surgent Studios, kampuni aliyoianzisha Salim mwenyewe, na kusambazwa na Electronic Arts.

Kisa chake ni hadithi ndani ya hadithi. Kijana aitwaye Zuberi amefiwa na baba yake, naye anasoma kitabu alichoachiwa na marehemu. Ndani ya kitabu tunakutana na Zau, nganga kijana ambaye pia amefiwa na baba. Zau anamwendea Kalunga, mungu wa mauti, na kufanya naye mapatano: akiwaleta mizimu wakuu watatu, Kalunga amrudishie baba yake. Zau huvaa vinyago viwili, cha jua na cha mwezi. Cha jua humpa moto wa kupigana ana kwa ana. Cha mwezi humwezesha kushambulia kwa mbali. Salim ameeleza hadharani kuwa chanzo cha kazi hii ni kifo cha baba yake mzazi.

3.0 Ubora wa Mchezo

3.1 Lugha

Ubora wa kwanza ni lugha. Kwa miaka mingi, Kiswahili katika filamu na michezo ya kigeni kimekuwa kama pambo: neno moja la salamu, jina la simba, basi. Katika mchezo huu Kiswahili kinabeba majonzi, hasira, mzaha na mabishano baina ya kijana na mauti. Mtoto anayecheza anasikia lugha ya darasani ikifanya kazi ambayo hakuizoea darasani. Hili ni jibu kwa wanaodai kuwa Kiswahili hakina nafasi katika teknolojia mpya ya burudani.

3.2 Shujaa Anayeganga

Ubora wa pili ni dhana ya ushujaa. Neno nganga linatokana na mzizi ule ule uliotupatia mganga na kuganga katika Kiswahili. Kwa hiyo kazi ya Zau kwa asili ni kuponya. Mizimu anaopambana nao wamebeba hisia zinazomsumbua yeye mwenyewe, na kila pambano linamsogeza hatua moja katika msiba wake. Wahenga walisema kuwa mganga hajigangi. Mchezo huu unaichukua methali hiyo na kuigeuza swali: je, kama hakuna mwingine wa kumganga, atafanyaje? Jibu linakuja polepole, na kwa ushirikiano na Kalunga, ambaye badala ya kuwa adui anakuwa mfano wa mzee anayemwongoza kijana. Zau anapotulia chini ya mbuyu na kuzungumza juu ya baba yake, afya yake huongezeka. Kwa maneno mengine, kuomboleza kunampa nguvu. Ni michezo michache ya mapigano inayothubutu kumwambia mvulana kuwa kulia si udhaifu.

Sifa hii ndiyo iliyotambuliwa mwaka 2025, mchezo ulipopata tuzo ya BAFTA nchini Uingereza katika kitengo cha michezo yenye maana kupita burudani.

3.3 Uwezo Unaosimulia

Tatu, uwezo wa shujaa haukubandikwa tu. Jua na mwezi ni nguvu zinazopokezana zamu, na mchezaji hulazimika kubadilisha vinyago mara kwa mara, wakati mwingine katikati ya mruko. Anayeng'ang'ania kinyago kimoja hushindwa. Maudhui ya mchezo, yaani uhai na mauti kukaa pamoja, yanafundishwa kwa vidole kabla hayajafundishwa kwa maneno. Hapa fani na maudhui vimeshikana barabara.

4.0 Upungufu wa Mchezo

4.1 Ulimwengu Usio Wazi

Mchezo ni mfupi na njia zake ni chache. Mtu mzoefu anaweza kuumaliza kwa saa zisizozidi kumi. Maadui wanajirudia, na kuna sehemu za kukimbizwa ambapo kosa dogo hukuua papo hapo na kukurudisha nyuma. Zaidi ya hayo, nchi ya Kenzera ina watu wachache mno wa kuzungumza nao. Hakuna soko, hakuna kilabu cha pombe, hakuna mwanamke anayeteka maji akakupa habari za kijiji. Katika sigana, shujaa huishi kati ya watu, na ndio wanaomsifu na kumsengenya. Zau anaomboleza karibu peke yake, ilhali kwetu msiba ni wa boma zima.

4.2 Mchanganyiko wa Asili

Mchezo umetangazwa kuwa umechochewa na masimulizi ya Wabantu. Hata hivyo, mizimu yake wakuu hawatoki katika kapu moja. Impundulu, ndege wa radi, anajulikana kwa Wazulu na Waxhosa. GaGorib ni jina la masimulizi ya Wakhoikhoi, ambao lugha yao si ya Kibantu. Kikiyaon hutajwa Senegali na Gambia, mbali kabisa na nchi za Wabantu. Kalunga naye ni dhana ya watu wa Kongo na Angola. Msanii ana uhuru wa kuchanganya, na hatuna nia ya kumnyima. Tatizo ni kwamba mchezaji haelezwi ipasavyo nini kimetoka wapi.

Mwandishi wa makala haya ni Mjaluo aliyezaliwa Masara. Lugha yake ya kwanza ni Dholuo, lugha ya Kinailoti, na Kiswahili alikipata shuleni. Aliposikia mchezo ukiitwa wa Wabantu, alijiuliza kama yeye ni mgeni humo. Lakini huku kwetu mipaka hiyo haijakatwa kwa kisu. Wako Wasuba, ambao asili yao ni ya Kibantu na wengi wao leo husema Dholuo, na jirani yetu ni Mkuria. Mchezo uliotaka kuheshimu asili ungefaidika kwa kuonyesha watu wanavyokopeshana mizimu, badala ya kuwafunika wote kwa jina moja.

4.3 Mauti Yasiyo na Gharama

Upungufu wa tatu ndio mzito zaidi kifasihi. Mchezo unasimulia kuwa aliyekufa harudi. Lakini Zau mwenyewe akianguka shimoni hurudi baada ya nukta chache, mara kumi, mara mia. Vidole vinafundishwa kinyume cha kile ambacho masikio yanaambiwa.

Tulinganishe na mashujaa wetu. Luanda Magere alikuwa na mwili wa jiwe, na mikuki ya maadui haikumdhuru. Uhai wake ulikuwa katika kivuli chake, na siri hiyo ilivuja kupitia mke aliyetoka kwa maadui. Fumo Liyongo wa pwani hakuuawa ila kwa sindano ya shaba kitovuni, na aliyeidunga ni mwanawe. Katika masimulizi haya, nguvu na udhaifu huzaliwa pacha, na udhaifu hujulikana na mtu wa karibu. Ndiyo maana hadithi inauma. Katika mchezo wa Zau, kama ilivyo katika mingi ya aina yake, uwezo huongezeka tu na hauna siri ya kulindwa.

4.4 Upatikanaji

Hatimaye, mchezo ulitolewa kwa kompyuta na mashine za kuchezea za kizazi kipya. Mashine hizo hazimo katika vibanda vya Masara, ambamo mashine kuukuu ndizo zinazozungusha biashara. Mtoto ambaye mchezo huu ungemfaa zaidi kwa lugha yake ndiye aliye mbali nao zaidi.

5.0 Ramani Iliyo Mlangoni Petu

Wakenya wamekwisha kujaribu. Wesley Kirinya alitoa The Adventures of Nyangi mwaka 2007, na Nairobi X ukafuata mwaka 2015. Kinachosalia ni wanafasihi kuwapa watengenezaji malighafi iliyochambuliwa.

Kwa mfano, anayetaka ulimwengu wazi wa nguvu za ajabu hana haja ya New York. Kanyamwa, katika Kaunti ya Homa Bay, ndiko alikoishi Gor Mahia, mganga anayesimuliwa kuwa aliweza kujigeuza umbo ili kuwakwepa waliomtafuta. Jina lake lilipewa klabu ya kandanda mwaka 1968, na mashabiki wengi hawajui zaidi ya hapo. Karibu na Kendu Bay lipo ziwa la Simbi Nyaima, ambapo kijiji kilichomnyima bibi kizee ukarimu kilizama. Katika Kaunti ya Migori zipo kuta za mawe za Thimlich Ohinga, zilizojengwa bila udongo wala saruji, na kutambuliwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia mwaka 2018. Mlima, ziwa, ngome na shujaa mwenye udhaifu: ramani imekamilika.

Mwandishi alisimuliwa habari za Gor Mahia na babu yake, katika duol, na hakuwahi kuzirekodi. Alipojiunga na shahada ya uzamili na kupata kinasa sauti, babu alikuwa ameshazikwa. Huenda ndiyo sababu Zuberi, anayesoma kitabu cha baba yake, alimgusa kuliko Zau mwenye vinyago. Zuberi ana bahati: alichoachiwa kimeandikwa.

6.0 Hitimisho

Makala yameonyesha kuwa Tales of Kenzera: Zau una ubora mkubwa katika lugha, dhana ya ushujaa na mshikamano wa fani na maudhui. Upungufu wake umo katika ufinyu wa ulimwengu wake, mchanganyiko wa asili usioelezwa, mauti yasiyo na gharama, na umbali wake na mchezaji wa kawaida. Kwa mizani ya mwandishi, ubora umezidi. Inapendekezwa kwamba vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vianze kukusanya masimulizi ya mashujaa kwa sauti na maandishi, na kwamba mhakiki asione haya kuingia katika kibanda cha gemu akiwa na daftari. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Yaliyopita si ndwele. Tugange yajayo, wangali wapo wazee wa kusimulia.