Msikiti wa Fito Chini ya Mawe

Mpwani apandaye Hyrax Hill, kilima cha pimbi hapo Nakuru, huonyeshwa bao lililochongwa mwambani, akacheka: kumbe na bara walicheza! Mimi nilitazama zaidi mashimo ya mifugo ya watu wa kale. Hapana kuba wala mnara. Mary Leakey, aliyechimba hapo mwaka 1937, ilimbidi asome udongo.

Ndivyo alivyosoma Mark Horton kule Shanga, kisiwani Pate, miaka ya 1980. Chini ya msikiti wa mawe alikuta mwingine, na chini yake mwingine, hata akafikia alama za fito za kijisikiti cha karne ya 8. Basi wasemao dini yetu ilishushwa jahazini pamoja na mawe yake, na watwambie: fito zile alizikata nani?