sprintf na snprintf

sprintf na snprintf ni funksheni mbili za lugha ya programu C. Zote hupanga maneno na namba kuwa mfuatano mmoja wa herufi na kuuandika katika kumbukumbu ya kompyuta. Tofauti yao ni kwamba snprintf huambiwa ukubwa wa nafasi iliyopo, lakini sprintf haiambiwi.

Kufurika kwa bafa

Nafasi ya kuandikia huitwa bafa. C haihifadhi urefu wa maandishi. Mwisho wake huonyeshwa kwa baiti moja yenye thamani sifuri, na wanaoanza husahau kuihesabu. Tuseme bafa "jina" ina baiti 10, nasi tunataka kuandika neno "Mwanafunzi":

sprintf(jina, "%s", "Mwanafunzi");

Neno lina herufi 10, kwa hiyo linaonekana kutosha. Pamoja na sifuri ya mwisho zinahitajika baiti 11. sprintf huandika zote, na ile ya 11 huangukia kitu kingine kilichohifadhiwa jirani. Pengine programu itakwama. Pengine itaendelea huku data zimeharibika, na hilo ni baya zaidi kwa kuwa halionekani. Mshambuliaji anaweza hata kuchagua baiti zinazofurika ili kompyuta itekeleze amri zake. Mnyoo wa Morris, ulioenea kwenye intaneti Novemba 1988, ulitumia kosa la jamii hiyo katika funksheni gets. Hiyo iliondolewa katika kanuni za C za mwaka 2011, sprintf ingalipo.

Mtego wa snprintf

snprintf iliingia katika kanuni rasmi mwaka 1999.

snprintf(jina, 10, "%s", "Mwanafunzi");

Hapa huandikwa "Mwanafunz" na sifuri, basi. Lakini jibu linalorudishwa ni 10, si 9, yaani idadi ya herufi ambazo zingeandikwa kama nafasi ingetosha. Jibu likiwa sawa na ukubwa wa bafa au kuuzidi, maandishi yamekatwa, na ni lazima kulikagua: jina la faili lililokatwa laweza kuwa jina la faili nyingine.

Wengi hunaswa wanapoandika vipande kimoja baada ya kingine, wakijumlisha majibu ili kujua walipofika. Kipande kimoja kikikatwa, jumla huzidi ukubwa wa bafa. Nafasi iliyobaki ikikokotolewa huwa hasi, na kwa kuwa C huisoma kama namba isiyo na alama, hugeuka kuwa kubwa mno. Kinga imekwisha, ingawa msimbo unaonekana salama.

Kwa sababu hiyo kiini cha Linux kina scnprintf, inayorudisha idadi ya herufi zilizoandikwa kweli. Tangu toleo 5.10 la Desemba 2020 kuna pia sysfs_emit, kwa ajili ya faili ambazo madereva ya vifaa hutumia kutoa taarifa. Yenyewe inajua kwamba bafa yake ni ukurasa mmoja wa kumbukumbu, ambao kwenye kompyuta nyingi ni baiti 4096, hivyo mwandishi wa programu hahitaji kutaja ukubwa.

Kiolezo kisitoke kwa mtumiaji

Hatari nyingine haihusu ukubwa. Kuandika printf(jina) badala ya printf("%s", jina) humpa mtumiaji nafasi ya kuingiza alama zake. Alama %n ndiyo mbaya kuliko zote, kwa kuwa huandika namba katika kumbukumbu. Mwaka 2000 seva ya faili wu-ftpd ilivamiwa kwa njia hiyo. Kompaila GCC huonya kuhusu kosa hili ikiwashwa chaguo -Wformat-security.