Fika Job Ukiwa Mkavu

Buda, tuongee kuhusu makwapa. Hakuna msee wa Donii amewahi kataa baiki juu ya umbali. Donii hadi tao ni kama kilomita 10, hiyo ni mchezo. Kitu inaua form ni jasho. Unaingia ofisi shati imeshikana na mgongo, dem wa HR anafungua dirisha bila kusema kitu. Kwa hivyo kila asubuhi uko stage. Unatoa soo ya nganya. Tone moja la mvua likidondoka, konda anasema ni soo mbili, na hata hajakuangalia usoni. Halafu mnasimama Jogoo Road, pua yako ikiwa kwa kwapa ya msee mwingine. Jasho ulikuwa unatoroka, imekupata tu. Tena si yako.

Baiki ya stima inamaliza hiyo story. Lakini si baiki yoyote, manze. Kuna zile za kuflex: tairi za jangwani, matte black, screen kubwa ka simu, mota ya wati elfu, bei ya nduthi mpya. Na haina madigadi. Nairobi. Mwezi wa nne. Bila madigadi! Umelipa ngiri za nduthi ndio uchorwe laini ya matope kutoka haga hadi kisogo.

Mi nasema hivi: design ya baiki ya job inaanza na haga, inapanda mgongo, inafika kwa shati. Mota inakuja baadaye.

Mzae husema baiki ni ya watchie na muuza mkate. Sawa, mzae. Lakini check vizuri ile Black Mamba ya muuza mkate. Handle zimerudi nyuma, unakaa wima. Seti pana, springs chini. Madigadi mbele na nyuma. Chain imefunikwa, suruali haipati grisi. Keria inabeba gunia. Msee alikuwa na kila kitu. Noma ilikuwa uzito, na zile breki za vyuma virefu zenye kwa mteremko zilikuwa zinataka maombi.

So chukua shape ya Mamba. Toa kilo. Weka disc brakes. Halafu shusha ile bomba ya katikati, ipite chini, ndio upande bila kurusha mguu juu ya mzigo. Manzi akivaa skirt anapanda. Wewe na crate ya mayai unapanda. Mzae atasema hiyo ni baiki ya madem. Mzae mwaka wa 2007 alisema M-Pesa ni ya wakora, akapeleka doo yake pyramid.

Tairi: upana wa inchi mbili, upepo usijae hadi iwe jiwe. Hiyo peke yake inakula mashimo mob. Fork ya suspension ya bei ya chini ni uzito tu, inaanza kulia kabla umalize kulipia baiki. Afadhali hiyo ganji uweke kwa chuma ya seti yenye spring. Na wheel iwe inchi 26, tafadhali. Fundi wa base ana tyubu za 26 zimening'inia kwa msumari saa hii. Ile saizi ya ajabu ya kwa catalogue utaingojea ikuje na meli, na job bado ni kesho.

Sasa mota. Wasee wanapenda namba kubwa, wanaongea wati venye wengine huongea subwoofer. Relax. Mtu wa kawaida akikanyaga bila kujiua anatoa kama wati 100. Huko Ulaya sheria inasema 250, na mota inaacha kusaidia ukifika kilomita 25 kwa saa. Wasee huko wanaenda job hivyo na tai shingoni. Ka jobo yako iko Upper Hill, hizo 250 zinakupandisha ukiwa unahum ngoma. Tena kwa jam ya asubuhi, 25 ni speed ya sonko. Expressway sahau, baiki haziruhusiwi huko juu. Hata nduthi haziruhusiwi.

Mi ningeweka mota ndani ya wheel ya nyuma, ile ya gia ndani. Idea ya kuweka mota kwa wheel si ya jana. Kuna mlami wa Ohio, Ogden Bolton, alichukua patent yake 1895, Nairobi ikiwa bado nyasi na maji baridi. Mota ya kwa pedali inapanda mlima vipoa zaidi, nakubali, lakini inatafuna chain, na ikizima lazima urudi kwa wenye waliiuza. Ya wheel shida yake ni spoku, juu uzito wote umekaa hapo. Weka spoku nono. Kesi imeisha.

Mahali pa kutoa doo bila kulia ni kwa sensa. Ile ya bei rahisi inauliza tu swali moja, unakanyaga ama hukanyagi. Ikisikia ndio, inakurusha. Hapo City Stadium kwa jam, kurushwa ni kuingia boot ya Probox. Ile poa inapima mguu wako umesukuma na nguvu gani, halafu inaongeza kiasi. Baiki inakaa ni miguu yako tu, lakini imekula vizuri.

Betri ndio inakulanga mfuko kuliko kitu ingine yote, so usinunue kubwa ya kuringa. Hesabu: volti 36 mara ampea 13, unapata wati-saa 468. Ukikanyaga kidogo unatumia kama 12 kwa kila kilomita. Hiyo inakupa karibu 39. Donii, tao, Donii, na bado uko na ya kupitia kwa manzi. Kujaza ni nusu uniti ya token na kitu, hata mbao haifiki. Konda akisikia hizi namba atalia.

Lakini betri lazima itoke. Hii hatubargain. Unaishi floor ya tano, lift iko tu kwa poster ya landlord, na baiki ni kilo 25. Betri ni kama tatu. Ichomoe na key, panda nayo, charge ukikula chapo, chomoa kabla ulale. Na usiicharge kwa corridor imeblock mlango. Hizi vitu zikishika moto hazingoji uvae slippers.

Waya nazo ziingie kwa kontrola kutoka chini, zikiwa zimejikunja kidogo, ndio maji ya mvua idondoke chini badala ya kufuata waya hadi ndani. Lights zitoke kwa betri hio hio kubwa, si zile za kuchomoa, juu zitachomolewa. Si na wewe.

Hapo pia ndio rangi inaingia. Matte black wachia wasee wa Kile wenye parking iko na soja. Ya mtaa piga grey ya geti, brashi ionekane, sticker ya kanisa kwa fremu. Keria nayo ichomelewe Kamukunji, chuma mbaya, nguvu mob. Mwizi aangalie hiyo kitu aone ni ya mzae wa mtu.